Rafiki Ndiye Kikwazo: Uhakiki wa Filamu ya The Broken Hearts Club

Utangulizi

Sisi tunaosoma fasihi tuna mazoea ya kuikabili kila kazi ya sanaa kwa swali moja tu: inafundisha nini? Tukishaorodhesha dhamira tatu nne, tunafunga daftari, tunakwenda kunywa chai. Futuhi ndiyo inayoonewa zaidi na mazoea haya. Ikija tanzia, mhakiki hukunja uso, akataja hatima na anguko la shujaa. Ikija futuhi, husema "inachekesha" na "inaburudisha", basi, imeisha hiyo. Na futuhi yenyewe ikiwa inahusu wanaume wanaopenda wanaume wenzao, hapo hata kucheka kunasahauliwa. Mjadala huruka moja kwa moja kwenye swali la kama jambo lenyewe ni jema au baya, na filamu huachwa kizingitini kama mgeni asiyepewa kiti.

Makala haya yana nia ya kumpa mgeni huyo kiti. Yanachambua filamu ya Kimarekani iitwayo The Broken Hearts Club, yaani chama cha waliovunjika mioyo, iliyoandikwa na kuongozwa na Greg Berlanti. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwezi Januari 2000, na ikaingia katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi Septemba mwaka huohuo. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Berlanti aliiongoza, naye alikuwa hajafikisha miaka 30. Jina lake kamili limeongezewa maneno yanayomaanisha "futuhi ya mapenzi". Nyongeza hiyo tusiipite haraka. Msanii ametutajia mwenyewe utanzu anaodai kuumiliki, na kwa hiyo ametupa kipimo cha kumpimia.

Hoja yetu ni kwamba Berlanti ameuchukua utanzu wa futuhi ya mapenzi akabadilisha nafasi mbili muhimu ndani yake. Katika futuhi tuliyoizoea, mzee anazuia na marafiki wanasaidia. Katika filamu hii mzee anasaidia, na marafiki ndio wanaozuia. Badiliko hilo ndilo linaloipa filamu uzito wake. Ndilo pia linaloipa kasoro zake.

Kisa kwa Ufupi

Mandhari ni West Hollywood, mji mdogo uliozungukwa na Los Angeles na Beverly Hills, uliopata kuwa manispaa inayojitegemea mwaka 1984, na ambao tangu mwanzo umejulikana kwa wingi wa wakazi mashoga. Kundi la wanaume vijana hukutana kwenye mkahawa wa Jack, na Jack huyohuyo ndiye kocha wa timu yao ya softboli, mchezo ambao ni mdogo wake besiboli.

Dennis ni mpiga picha anayetimiza miaka 28, na siku hiyo ya kuzaliwa inamtia mashaka. Anajiuliza kama kuna kitu kingine chochote anachokiweza maishani zaidi ya kuwa shoga. Cole ni mwigizaji mwenye sura ya kuvunja shingo za wapita njia, na kila mara, eti kwa bahati mbaya, hujikuta na mpenzi wa mtu mwingine. Howie anasomea saikolojia, na kila jambo hulifikiria hadi likafa. Benji ana mtindo wa kipanki lakini roho yake iko kwa wanaume wa misuli wanaoshinda kwenye vyumba vya mazoezi. Patrick ni mtu wa kejeli anayeamini kwamba hana sura. Taylor alijivunia kuwa ndiye pekee mwenye uhusiano wa kudumu, mpaka uhusiano huo unapovunjika. Halafu kuna Kevin, kijana mgeni ambaye bado hajajitangaza. Dennis anavutwa naye.

Pembeni wako Anne, dada yake Patrick, na mwenzi wake Leslie. Wanawake hawa wanataka mtoto na wanamwomba Patrick awachangie mbegu. Kisha Jack anafariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, na kundi zima linapoteza mhimili wake.

Ni hayo tu. Msomaji anayetafuta njama, upelelezi au vita hatavipata. Watu wanakaa mezani, wanacheza, wanatongoza, wanaachwa, wanarudi mezani.

Nani Anayezuia?

Mwaka 1957 mhakiki wa Kanada, Northrop Frye, katika kitabu chake Anatomy of Criticism, alieleza umbo la futuhi ambalo limedumu tangu Wagiriki na Waroma. Kijana anampenda msichana. Anatokea mtu wa kuwazuia, aghalabu mzee, na hasa baba. Mambo yanageuka, kizuizi kinaondoka, na jamii mpya inaundwa kuwazunguka wapenzi wale wawili. Alama ya jamii hiyo mpya ni karamu au harusi. Kizuizi cha aina hii hatuhitaji kukitafuta ng'ambo. Katika Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein, Tatu na Swai wanagongana na ukuta wa wazazi, na kwa kuwa ile si futuhi, mambo hayaishii kwenye ngoma na pilau.

Sasa tuitie filamu yetu katika kipimo hicho. Baba yuko wapi? Hayupo. Mchungaji, polisi, mwenye nyumba, bosi anayefukuza watu kazini, wote hawaonekani. Mtazamaji aliyezoea filamu za mashoga anamsubiri adui wa nje abishe hodi, lakini adui habishi. Kumbe keshaingia zamani, amekaa mezani na ameshaagiza kinywaji.

Hebu tuwatazame mmoja mmoja. Cole akijikuta na mpenzi wa mtu, mtu huyo si mgeni. Katika mji mdogo ambamo kila mmoja anamjua mwenzake, anayenyang'anywa ni rafiki au rafiki wa rafiki. Patrick anajiona hana sura, lakini nani aliyempa kioo cha kujitazamia? Si watu wa nje. Ni maongezi ya mezani, ambamo miili hupangwa daraja kama wanafunzi baada ya mtihani. Benji anawakimbilia wanaume wa misuli kwa sababu kundi limeshakubaliana, bila kupiga kura, kwamba hao ndio wanaostahili kutamaniwa. Howie hawezi kumwacha wala kumchukua Marshall, mpenzi wake wa zamani, na kila hatua anayopiga hurudi mezani ikajadiliwa na kamati nzima. Na Dennis akitaka kumwambia kijana mgeni neno la kweli, lazima kwanza apite katikati ya kicheko cha wenzake.

Hapa ndipo ilipo akili ya filamu hii. Kundi ni makao ya watu hawa. Ndilo lililowapokea walipokuwa hawana mahali, na wengine limewapa hata kazi, maana Jack huwaajiri pale mkahawani. Lakini kundi hilohilo lina sheria moja kali: asiyetaka kuchekwa asiseme jambo la moyoni. Kila mmoja anatafuta mpenzi mmoja wa kudumu, na kila mmoja anatisha wenzake wasimpate. Mapenzi ya watu wawili yanahitaji kona yenye ukimya, nalo kundi halijui kunyamaza.

Berlanti hakuanzia hewani. Mwaka 1968 tamthilia ya Mart Crowley, The Boys in the Band, iliigizwa New York, na mwaka 1970 ikawa filamu chini ya William Friedkin. Nayo inahusu kundi la marafiki mashoga, nayo inajengwa juu ya siku ya kuzaliwa, nayo imejaa maneno makali ya kuchekesha. Humo mwenye nyumba anawalazimisha wageni wake wacheze mchezo wa simu: kila mmoja ampigie mtu aliyempenda kweli, amwambie. Tamko la mapenzi linageuzwa kuwa adhabu mbele ya marafiki. Ile ilikuwa kazi ya miezi kadhaa kabla ya ghasia za Stonewall za Juni 1969, na kicheko chake kina sumu ya watu waliofundishwa kujichukia. Miaka 32 baadaye Berlanti anakaa kwenye meza ileile, na sumu imepungua sana. Tabia ya meza, hata hivyo, ameiacha palepale, na ameona kwamba mtu anaweza kuacha kujichukia na bado akaogopa kuchekwa.

Utani Usio na Mazishi

Msomaji wa kwetu ana faida moja anapoitazama filamu hii, kwa sababu anajua utani. Mzaramo na Mnyamwezi, Mngoni na Msukuma, babu na mjukuu, wote hawa wanaweza kuambiana maneno ambayo mtu mwingine angeyapeleka barazani kushtaki. Lakini utani wetu una upande wa pili. Mtani akifiwa, mtani mwenzake huja. Huja na vichekesho vyake hadi matangani, na pia huja kufanya kazi za msibani. Ruhusa ya kumcheka mtu imefungwa pamoja na wajibu wa kumzika.

Kwa sehemu kubwa ya filamu, marafiki wa West Hollywood wana ruhusa bila wajibu. Wanachekana vizuri sana, na lazima tukiri kwamba mazungumzo yao ni matamu. Yana kasi, yana wivu ndani yake, na hakuna anayemaliza sentensi bila kukatwa kalima. Lakini Taylor anapoachwa, tunaona jinsi wasivyojua la kufanya na mtu anayelia. Wana mzaha wa kila hali, ila kwa hali hii wamefilisika.

Kifo cha Jack ndicho kinacholeta upande wa pili. Ghafla wachekaji hawa wana maiti wa kumsindikiza na mwenzi wa marehemu wa kumfariji, yule mzee wa ajabu ambaye daima huvaa zambarau na ambaye kwa muda mrefu wamemchukulia kama kichekesho. Baadhi ya watazamaji wamelalamika kwamba kifo hiki kinavunja futuhi, kwamba ni machozi yaliyobandikwa juu ya kicheko. Maoni yetu ni tofauti. Kifo kinalipa deni ambalo kicheko kilikuwa kinalikopa tangu mwanzo. Bila msiba, kundi hili lingebaki kijiwe. Baada ya msiba linaanza kuwa ukoo.

Mzee Jack na Wazee Wasiokuwepo

Jack ameigizwa na John Mahoney, ambaye watazamaji wa televisheni ya Marekani walimfahamu sana wakati ule kama baba mzazi katika mfululizo wa Frasier. Uteuzi huo una maana. Mwigizaji aliyezoeleka kama baba amewekwa kwenye kiti cha baba, kisha akapewa kazi iliyo kinyume na ya baba wa futuhi. Haamui nani amwoe nani. Anawasikiliza, anawaajiri, na kuwafundisha mchezo. Tukitumia lugha ya jandoni, Jack ni kungwi kwa vijana ambao hakuna jando lingine lingewapokea.

Lakini mbona kungwi ni mmoja? Filamu ina vijana tele, na wazee wanaohesabika kwa vidole viwili, Jack na mwenzi wake. Katika kijiji chochote mtazamaji angeuliza: wazee wa hapa walikwenda wapi?

Jibu liko katika historia ya mji wenyewe. Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya kitaalamu ya serikali ya Marekani ilieleza habari za vijana watano, wote mashoga, waliopatwa na nimonia isiyo ya kawaida. Vijana hao walikuwa wa Los Angeles, na taarifa ile sasa huhesabiwa kuwa ndiyo ya kwanza kuhusu ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI. Mtu aliyekuwa na miaka 35 mwaka ule angekuwa na 54 filamu hii ilipotoka. Hao ndio waliopaswa kuijaza meza ya Jack. Viti vyao viko wazi, na filamu haisemi kwa nini.

Kutosema huko ni uamuzi wa kisanaa. Kabla yake sinema ya Marekani ilikuwa imeshawazika mashoga wengi kwa UKIMWI: Longtime Companion iliyotoka 1990, Philadelphia ya 1993 iliyompa Tom Hanks tuzo ya Oscar. Mwaka 1996 matibabu ya dawa mchanganyiko yalibadilisha hali, na waliokuwa wakisubiri kufa wakaanza kupanga maisha. Filamu ya Berlanti ilikuja miaka minne baada ya hapo. Shoga katika filamu hii anakufa, lakini anakufa kwa moyo, akiwa mzee, kama anavyokufa babu wa mtu yeyote. Kwa kizazi kile hilo lilikuwa jambo jipya kwenye sinema. Msomaji wa Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, hahitaji kuelezwa thamani ya kifo cha namna hiyo. Anajua pia kijiji chenye watoto wengi na wazee wachache kinavyofanana.

Lugha ya Kikundi, na Neno "Shoga"

Kwa upande wa fani, jambo linalovutia zaidi ni lugha. Berlanti anakatiza kisa kwa maandishi yanayotokea kwenye kioo kama vidahizo vya kamusi: neno la simo, kisha maana yake kama inavyotumiwa na kundi. Kuna neno la kumwita mtu aliyeingia juzijuzi katika maisha haya, kama vile sisi tunavyomwita mwari. Kuna neno lingine ambalo kwa kawaida lina maana ya "wakati huohuo", na ambalo marafiki hulichomeka katikati ya sentensi ili kutahadharishana kwamba mwanamume mzuri anapita. Mgeni akisikia hashtuki. Mwenyeji anageuza shingo.

Mbinu hii inachekesha, na zaidi ya hapo inamfundisha mtazamaji lugha. Mwanzoni sisi ni wageni kama Kevin, na kamusi inatufungulia mlango. Kufika katikati tunaelewa bila kuelezwa, na hapo tumeshaketi mezani bila kujua tulivyofika. Kila simo ni ua wa makuti: inawaficha waliomo ndani na kuwazuia walio nje.

Hapa Kiswahili kina la kuchangia ambalo Kiingereza cha filamu hakina. Mwanamke wa Mombasa, Unguja au Tanga humwita rafiki yake wa kike "shoga", na husema "shoga yangu" kwa upendo wote. Mabinti wa mjini siku hizi husema "shosti". Neno hilohilo ndilo tunalomwitia mwanamume anayependa wanaume, na hapo wengi hulitamka kama tusi. Makala haya yanalitumia bila tusi. Tunavutiwa na jinsi lugha yetu, kwa sababu zake yenyewe, ilivyoweka urafiki wa ndani na mapenzi ya jinsia moja katika neno moja. Filamu nzima ya Berlanti inahangaika na mpaka uliopo kati ya maana hizo mbili. Huyu ni shoga yangu au ni mpenzi wangu? Nikimfanya mpenzi, nitampoteza shoga? Dennis na wenzake wanahitaji dakika 94 kuliuliza swali ambalo kamusi ya Kiswahili imelibeba katika kidahizo kimoja.

Kasoro

Tumesema kwamba kuondoa kizuizi cha nje ndiko kunakoipa filamu uzito. Huko pia ndiko kunakoidhoofisha. Kizuizi cha nje hakikuwa kimekufa Marekani mwaka 2000. California ilikuwa imefuta sheria yake dhidi ya mahusiano haya katikati ya miaka ya 1970, lakini majimbo mengine kadhaa yaliendelea kuyahesabu kuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ya nchi ilipoamua kesi ya Lawrence dhidi ya Texas mwezi Juni 2003. West Hollywood ilikuwa kisiwa. Filamu inaishi kisiwani bila kutuonyesha bahari, na hivyo haituelezi ni nani aliyeshindwa kupata nauli ya kufikia huko.

Tazama pia nani aliyekaa mezani. Taylor, aliyeigizwa na Billy Porter, ndiye mtu mweusi pekee katika kundi. Amepewa kelele, amepewa machozi ya kuchekesha, hakupewa mapenzi yanayokua mbele ya macho yetu. Wenzake ni wahusika duara, au angalau wanajaribu kuwa duara. Yeye ameachwa bapa. Mtu asiseme kwamba mwigizaji hakuwa na uwezo. Porter alikuja kupata tuzo ya Tony mwaka 2013 kwa mchezo wa Kinky Boots na ya Emmy mwaka 2019 kwa mfululizo wa Pose. Uwezo ulikuwepo, muswada ndio haukuutafuta. Filamu inayokosoa kundi kwa kupanga miili daraja nayo imepanga miili yake daraja, na haikugundua.

Kasoro hii inaonekana wazi tukiiweka karibu na Fire Island ya 2022, iliyoandikwa na Joel Kim Booster na kuongozwa na Andrew Ahn. Filamu hiyo imejengwa juu ya Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813. Nayo ina kundi la marafiki na mtu mzima anayewalea, safari hii mwanamke, aliyeigizwa na Margaret Cho. Lakini Booster anataja bila woga kile ambacho Berlanti alikiacha: rangi, fedha, na misuli kama pasipoti ya kuingilia kwenye sherehe. Vijana wake hawana nyumba kisiwani, ni wageni wa mtu anayekaribia kuipoteza ya kwake. Kizuizi cha ndani na cha nje vinakutana, na kicheko kinapata meno.

Mwisho Mwema ni wa Nani?

Limebaki suala la mwisho, nalo ndilo zito. Frye anasema futuhi huishia kwenye harusi. Mwaka 2000 mashoga wa Marekani hawakuwa na harusi ya kisheria. Ilifika nchi nzima tarehe 26 Juni 2015. Kwa hiyo Berlanti alichukua utanzu ambao mwisho wake wa kawaida alinyimwa na sheria. Alichoweka mahali pa harusi ni kundi lenyewe, likiwa limepungukiwa na mzee na limeongezeka wajibu. Wapo wanaouona mwisho huo kuwa dhaifu kwa sababu haumalizi kila penzi. Sisi tunauona kuwa wa haki. Jamii mpya haikuundwa kuwazunguka wapenzi wawili. Ilikuwepo kabla yao, na ilichohitaji ni kujifunza kuwapisha.

Asidhani msomaji kwamba mwisho mwema ni pambo tu. E. M. Forster aliandika riwaya ya Maurice mwaka 1913 na 1914, akawapa wanaume wawili mwisho wa furaha kwa makusudi, na kitabu kikakaa kabatini hadi 1971, baada ya kifo chake. Na tusiende Uingereza kutafuta ushahidi ulio uani kwetu. Mwezi Aprili 2018 Bodi ya Filamu ya Kenya ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu mabinti wawili wa Nairobi wanaopendana. Mwongozaji alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Mwezi Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na watu wakajaza ukumbi. Kahiu amesema pia kwa nini aliiita Rafiki: kwa sababu wapendanao wa namna hii, wakitaka kumtambulisha mwenzao, hulazimika kusema ni rafiki.

Angalia vizuri kilichokuwa kinabishaniwa pale. Mapenzi yenyewe yangeweza kuvumilika kwenye kioo, mradi yaishie kwenye majuto. Yaani tanzia ingepita, futuhi ndiyo iliyokataliwa. Sisi wanafunzi tunaoambiwa kwamba futuhi ni utanzu mwepesi tungefaa kutafakari kwa nini ndiyo inayotiwa kufuli.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba The Broken Hearts Club ni futuhi iliyogeuza nafasi za mzee na marafiki, kwamba kifo cha Jack ni sehemu halali ya kicheko chake, na kwamba ukimya wake kuhusu rangi na kuhusu ulimwengu wa nje ndio unaoizuia isiwe kazi kubwa. Hata hivyo ni kazi njema. Inajua kwamba upweke mbaya kuliko wote ni ule wa mtu aliyezungukwa na marafiki wanaomchekesha.

Watakaosema kwamba tumempendelea mno Jack, au kwamba tumelilazimisha neno "shoga" libebe mzigo usio wake, tunawakaribisha waandike. Tunaomba jambo moja tu: waitazame filamu kwanza, hadi mwisho wake.